Propela ya Mti wa Muhuru

Jumatatu, 3 Februari

Kati ya Karatina na Nanyuki hakuna kichwa kama changu. Nimetafuta kingine kwa haki kabisa, nikakosa. Shule niliacha kidato cha pili kwa sababu walimu waliishiwa. Leo niko na miaka ishirini na mbili na ndege iko nyuma ya jikoni ya nyanya yangu, Cucu Warigia, hapa Naro Moru. Si ya kuchorwa. Ndege! Mabawa ya mabomba ya alumini na turubai, magurudumu ya wilibaro, injini ya ile Volkswagen ya mgongo wa kobe ya Mwalimu Hezekiah, iliyolaliwa na kuku tangu astaafu.

Kimebaki kitu kimoja. Propela.

Leo mgeni. Injinia Maurine, yule mama wa kutoka Busia mwenye karakana ya ndege ndogo kule uwanjani Nanyuki. Alisimamisha gari anunue karoti, akaona mkia ukichungulia juu ya ua. Akaingia. Akazunguka ndege mara tatu. Halafu akasema asisikie hata siku moja kitu hiki kimeacha ardhi, mtu atakufa. Lakini ati fremu si mbaya! Atarudi Jumamosi tarehe 22. Tufunge mkia kwenye kigingi kwa kamba, katikati tuweke mizani ya kupimia viazi, tuwashe injini. Ikivuta kilo themanini, yeye ana nafasi ya mwanagenzi. Moja.

Moja! Na wajenzi tuko wawili. Mimi, na Philemon Kyalo.

Kyalo alikuja hapa tukiwa darasa la sita, mamake polisi akihamishwa kutoka Makueni. Anatengeneza pampu za maji. Anajua hesabu. Huo ndio ugonjwa wake.

Jumatano, 5 Februari

Kyalo amekuja na daftari. Daftari! Ati propela iwe ya mbao, mapanga mawili, urefu futi tano, na mkunjo wake upungue kidogo kidogo kutoka katikati kwenda nchani. Nikamuuliza kwa nini mawili. Kama mawili yanavuta themanini, manne yatavuta mia na sitini. Hiyo pia ni hesabu.

Akacheka kwa pua. Mimi kucheka kwa pua siwezi kusamehe.

Nikamwambia propela nitatafuta mwenyewe. Yeye aendelee na pampu.

Ijumaa, 7 Februari

Kangari! Nimefika hadi Murang'a kwenye baridi ya majani chai, kwa Mjomba Mwai, bawabu wa kiwanda kimoja huko. Kwenye rundo la vyuma vikuukuu nyuma ya kiwanda nikaipata. Feni ya kunyaushia majani chai. Mapanga sita. Sita! Nilitaka kulia.

Mjomba akauliza ni ya nini. Nikasema ndege. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Akaita mabawabu wenzake waje wanisikie, wakajipanga mstari, wakanipigia saluti. Nafikiri ilikuwa heshima.

Feni imekuja Naro Moru juu ya pikapu ya kabeji. Dereva analalamika ati imemkamulia kabeji zake. Watu wadogo hawaoni historia hata ikiwakalia kwa mzigo.

Jumapili, 9 Februari

Nimefunga feni. Nimewasha injini. Injini ikakohoa, ikazunguka mara tatu kama mzee anayetafuta fimbo, ikazima. Nikarudia. Moshi. Mara ya tatu ikakubali, na ndege yote ikaanza kutetemeka kama ina malaria hadi kiungo kimoja cha fremu kikapasuka.

Cucu Warigia alikuwa anatoka kanisani. Akasimama mbele ya feni kusudi, kitambaa kichwani. Kitambaa hakikupepea. Akasema basi akihisi joto atajua pa kutokuja.

Kyalo alijitokeza kabla moshi haujaisha. Huyu mtu hunusa aibu yangu kutoka nyumba za polisi. Akaeleza, na hakuna mtu alikuwa amemuuliza, ati feni ile kazi yake ni kusukuma hewa nyingi polepole chini ya majani. Propela lazima iume hewa na kusonga mbele, kama skrubu inavyouma mbao. Tena feni ni nzito kuliko mimi.

Nikamwambia shida ni injini.

Feni sasa ni mlango wa zizi la ndama. Ndama anaipenda.

Jumanne, 11 Februari

Sawa. Mbao. Lakini hili nimelifikia mwenyewe.

Mbao lazima ziwe kavu kabisa, la sivyo propela itajikunja. Zile za kwa wauza mbao barabarani ni saiprasi mbichi, ukizichonga leo kesho zinachipua. Lakini juu ya jiko la Cucu, kwenye dari ya kukaushia kuni, kuna mbao za muhuru, ule mti mgumu wa msitu wa mlima. Guka, babu yangu, alizipasua kabla sijazaliwa. Zimekula moshi miaka thelathini.

Asubuhi nikaingia jikoni. Nikamweleza Cucu kwamba dunia inazihitaji mbao zile. Akauliza dunia imemletea nini. Nikaangalia mikono yangu. Akanipa panga, akaniambia ng'ombe naye anahitaji majani.

Saa nane akaja Kyalo. Nusu kilo ya sukari na pakiti ya majani chai, zimefungwa kwa gazeti kama posa. Akaketi. Akauliza habari ya mguu wa Cucu unaouma. Akanywa vikombe viwili. Mbao hakuzitaja! Alingoja mpaka Cucu mwenyewe akamuuliza, na wewe mwanangu, hicho kichwa chako kinatafuta nini juu ya dari yangu.

Najua. Kwetu mtu hamwombi mzee kitu mikono mitupu. Lakini huyu ni cucu wangu! Nipeleke sukari kwa nyumba ninayokula sukari?

Akampa mbao nne. Akamwambia achague mwenyewe zilizonyooka nyuzi. Akamwita mwanangu mara tano, nilihesabu nikiwa kwenye majani.

Alhamisi, 13 Februari

Kyalo amekuja na chaki. Akazungusha injini kwa mkono, sikio karibu, kama daktari. Injini tumeifunga upande wa puli ukitazama mbele, pale mkanda wa feni ulipokuwa unapita. Akachora mshale hapo kuonyesha inazunguka kuelekea wapi. Ati propela itachongwa kufuata mshale huo. Ati usiguse. Akatoka, akarudi, akasema usiguse. Akafika langoni, akapiga kelele. Usiguse, Kinyua!

Mimi ni mtoto?

Kabla ya hapo tuligombana. Kwenye bawa nimeandika KINYUA kwa herufi za kuonekana kutoka Nanyuki. Akauliza jina lake litakaa wapi. Nikampa ndani ya mkia, mahali pazuri, hakuna mvua. Akabeba mbao zake akaenda kuchonga kwao.

Aende. Atachonga, atarudisha. Huwezi kukimbia na propela bila ndege.

Jumamosi, 15 Februari

Nimepita kwao kumwona akichonga. Nimepiga picha wakati amekwenda kunywa maji. Nimeiweka mtandaoni: KAZI YA MIKONO YANGU. Watu mia moja na arobaini wameipenda hadi saa hii.

Wendy wa chipsi aliniuliza kama kweli ni mimi. Nikamwambia patasi ya kwanza hadi ya mwisho. Akaniongezea chipsi bila kuongeza bei! Kwa Wendy hiyo ni kama ndoa.

Kyalo ameiona picha. Hakusema kitu. Afadhali mtu akutukane ujue mnaendelea.

Jumatatu, 17 Februari

Nimeitazama ndege kwa muda mrefu na nimeona kasoro. Upande wa puli unafanana na mdomo wa mzee asiye na meno. Ule upande mwingine, wa flaiwili, lile gurudumu zito la chuma, ni mpana, wa mviringo, unang'aa. Huo ndio uso wa ndege. Mtu akija kukupima huwezi kumpa mgongo.

Nikawaita wapagazi wawili wa mlimani waliokuwa wanangoja wazungu. Tukafungua injini, tukaigeuza, flaiwili mbele. Nikapaka rangi ya samawati kila mahali. Kulikuwa na uchafu wa chaki upande wa puli, nikapaka juu yake.

Kyalo sijamwambia. Hii karakana ni yangu. Yaani, ya Cucu. Yaani, yangu.

Alhamisi, 20 Februari

Propela imefika.

Nitaandika hivi mara moja tu. Ni nzuri. Mbao nne za Guka zimebandikwa zikawa kitu kimoja, mistari ya rangi ya chai ikipinda pamoja na mapanga, laini kama mgongo wa kijiko. Kyalo akaipitishia chuma katikati, akaiweka juu ya visu viwili. Ikasimama sawa kabisa, haikuinama kushoto wala kulia. Cucu akaigusa kwa kidole kimoja. Akasema laiti mume wake angeiona.

Ndege yangu ameiita nini tangu Januari? Ile takataka.

Kyalo akasema ataifunga yeye mwenyewe Jumamosi asubuhi, saa mbili, kabla Injinia hajafika. Nikamwambia Injinia amesogeza mbele, atakuja saa tano, Kyalo aje saa nne, alale.

Injinia anakuja saa tatu.

Ijumaa, 21 Februari

Nimeifunga mwenyewe. Mashimo ya Kyalo hayakulingana na flaiwili. Hesabu yake hiyo! Nikatoboa mengine. Mbele nikaweka kofia ya mabati, injini yote ikafunikwa, imekuwa ndege ya kweli.

Kesho nitaketi ndani, niko na miwani ya kuchomelea. Injinia atauliza kazi ni ya nani. Nitanyamaza kidogo kwanza. Nimefanya mazoezi ya kunyamaza.

Jumamosi, 22 Februari

Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umejaa miiba.

Watu walikuja. Kwaya nzima ya kanisani. Wapagazi. Wendy na simu yake juu. Injinia Maurine alifika saa tatu kamili, akawapanga watu wote pembeni, akasema mbele ya propela hata kuku asipite. Mkia ukafungwa kwenye kigingi, mizani ya viazi katikati. Mbele ya magurudumu mawe. Nyuma ya magurudumu, hakuna kitu. Nani huweka mawe nyuma?

Nikawasha. Ikashika mara ya kwanza! Nikaiacha ichemke kidogo. Hapo ndipo Kyalo akatokea anakimbia, shati nje, mamake amemwambia ameona gari la Injinia likipita. Akazunguka kutoka nyuma, akaniinamia sikioni, akauliza kitu. Makelele yalikuwa mengi. Nikatikisa kichwa. Akarudi nyuma, akasimama na wengine.

Nikasukuma mafuta yote.

Vumbi ndilo lililosema ukweli kwanza. Vumbi la ndege huenda nyuma. Hili lilikwenda mbele, moja kwa moja kuelekea mlima. Halafu nikaona Cucu anasonga mbele. Na Wendy. Na kwaya. Wote wanasonga mbele bila kutembea!

Ndege ilikuwa inarudi nyuma. Polepole, kwa ukaidi, kama ng'ombe aliyeona josho. Kamba ikalegea. Mizani ikaanguka chini, mshale wake kwenye sifuri. Tukapita kigingi. Tukapita juu ya turubai la maharagwe ya Cucu, gunia zima lililokuwa linakauka. Ningezima mafuta. Nilifikiri ikishika kasi itabadilisha nia. Tukaingia ua wa kayaba, miiba mitupu, mkia kwanza, halafu mimi.

Injini ikazima. Halafu sauti ya Wendy. Ati Kinyua, umesahau kitu nyumbani?

Kwaya ilicheka kwa sauti nne.

Walinitoa kwa panga. Injinia hakucheka. Aliuliza swali moja tu, propela hii ameichonga nani.

Hapo akili yangu ikaamka. Haraka! Nikanyoosha mkono, ule wenye miiba. Kyalo! Yeye peke yake! Mbao alichagua yeye, hesabu yake, patasi yake, mimi sijagusa hata msasa! Nikamwita Cucu shahidi. Nikamwambia Wendy ile picha ilikuwa uongo, niliipiga Kyalo akiwa kwa maji. Nilimaliza kila kitu. Sikumwachia hata nafasi ya kukana.

Injinia akapitisha kiganja kwenye panga moja, kisha la pili. Akapima ncha kwa uzi. Akamwambia Kyalo kwamba ameona propela za kununuliwa zisizofika hapo. Haina kosa. Ila imechongewa injini inayozunguka upande ule mwingine.

Mtu wa kwaya akashauri igeuzwe tu, mbele iwe nyuma. Injinia akasema skrubu hata ukiisimamisha kichwa chini haigeuki kuwa ya mkono mwingine.

Akafungua kofia yangu ya mabati. Akaona flaiwili. Akamuuliza Kyalo alipima upande gani. Kyalo akasema puli, na mshale alichora. Injinia akakwangua rangi yangu ya samawati kwa ukucha. Chaki ikatokea.

Akaniangalia. Akauliza nani aligeuza injini. Nikasema labda wapagazi.

Kisha akamwambia Kyalo: Jumatatu, saa moja asubuhi, na ovaroli. Basi. Kama kununua karoti.

Jumapili, 23 Februari

Sikwenda kanisani. Video ya Wendy ilikwenda badala yangu.

Nimekaa siku nzima kwenye vumbi nikiokota maharagwe, moja moja. Cucu ameleta kiti, ameketi kunionyesha niliyoyaruka. Hakunikaripia. Aliuliza tu kama dunia bado inahitaji kitu kingine kutoka kwake.

Nimefikiria ni nani wa kulaumiwa. Wapagazi walibeba injini bila kuuliza swali. Mwalimu Hezekiah aliuza injini yenye pande mbili. Upepo wa mlima. Kuku. Injinia mwenyewe, mtu mkubwa hivyo, mbona hakuagiza mawe ya nyuma?

Na Kyalo. Mtu akijua rafiki yake ni mbishi, kwa nini amwambie usiguse?

Jumatatu, 24 Februari

Kyalo amepita saa kumi na mbili asubuhi, ovaroli mpya, mikunjo ya duka bado iko. Nilimwona kwanza. Nikajificha nyuma ya feni ya Kangari pamoja na ndama.

Akaenda jikoni. Sukari tena! Cucu akamwombea. Alipotoka akaita jina langu mara moja, si kwa nguvu. Ndama akajibu. Mimi hapana.

Akaenda kwa ndege. Propela Injinia alimwambia aje nayo awaonyeshe wengine, lakini Kyalo amemwambia Cucu mbao ni za nyumba hii, ameiacha kwenye ndege. Akatoa chaki mfukoni. Akachora kitu kwenye injini, akapangusa mikono, akaondoka. Nimemwangalia hadi kona ya posho mili. Hakugeuka. Miaka kumi tumekwenda pamoja kila mahali, na leo mgongo wake naufahamu kuliko uso.

Nimekwenda kuangalia. Mshale. Upande wa flaiwili safari hii, unaonyesha inakozunguka kweli. Hakuandika neno.

Mtu mwingine angegeuza injini irudi ilivyokuwa. Ndiyo maana mtu mwingine si mimi. Injini iko sawa, propela iko sawa, Injinia mwenyewe amesema haina kosa. Kilicho kinyume ni kiti! Nitakifungua, nitakitazamisha mkia. Mkia ndio utakuwa mbele. Ndege ya kwanza ya namna hiyo, na sitamwambia mtu yeyote mpaka nimalize. Nimeshatafuta spana. Mawe nitaweka pande zote.

Mshale wa Kyalo umeharibu rangi. Nilikuwa na samawati kidogo kwenye mkebe, nimepaka juu yake.

Jumamosi makelele hayakuwa mengi hivyo. Kyalo aliniuliza kama nimegeuza injini. Nilisikia kila neno. Nikatikisa kichwa.